Namna ya Kufoka Dukani Likasi Ukiwa Umekaa Lubumbashi

Una duka Likasi, nawe unalala Lubumbashi. Hongera. Kati yako na droo ya pesa kuna kilometa zipatazo 120 za barabara ya taifa namba 1, malori ya shaba na kobalti yanayotoka Kolwezi, vituo vya kulipia barabara, na binti mmoja wa kaunta ambaye unamwamini kabisa, ndiyo maana umemfungia kamera nne. Kamera umezitazama vya kutosha sasa, na kasoro yake umeiona: picha haikutii. Mtu ameegemea friza, wewe uko sebuleni unamwambia "toka hapo," naye anaegemea vilevile.

Dawa ipo, wala si chungu. Unaongeza sauti ya kwenda na kurudi: maikrofoni dukani, spika dukani, simu mkononi mwako. Nitakupitisha hatua kwa hatua. Tukimaliza, duka litaibiwa kama zamani, ila wewe utakuwa umesema neno.

1. Usijiulize sauti ni ya kazi gani

Wenye taaluma watakuchosha. Watakuambia sauti ina kazi zake: kumshtua anayechokonoa kufuli saa nane usiku, kumjibu mleta bidhaa aliyekuta mlango umefungwa, kusikia kilichosemwa pale noti zilipobadilishana mikono. Wasikilize kwa heshima, wape soda, wasindikize hadi barabarani. Wewe hukuja kwa hayo. Unataka waliomo dukani wajue kuwa mwenye duka yupo hata asipokuwepo.

Wala usione aibu, umetanguliwa na wakubwa. Mwaka 2006 mji wa Middlesbrough, Uingereza, ulifunga vipaza sauti kwenye kamera za barabarani, ili mtu akitupa karatasi chini, sauti itoke juu ya mlingoti imwambie aiokote. Mwaka uliofuata serikali ikatoa pesa mtindo huo uenee katika miji mingine. Ikiwa Mwingereza, pamoja na ustaarabu wake wote, alishindwa kujizuia kumkaripia mtu asiyemjua kutoka chumba cha mbali, wewe utajizuiaje kwa duka lako mwenyewe?

Mfano wa kuukwepa ni wa Marie Van Brittan Brown. Huyu alikuwa muuguzi wa Queens, New York, mtaa ambao polisi walichelewa kufika walipoitwa. Mwaka 1966 yeye na mumewe Albert waliomba hataza ya mtambo wa kulinda nyumba, wakaipata Desemba 1969: kamera mlangoni, televisheni chumbani, maikrofoni ya kuzungumza na aliye nje, kitufe cha kufungua mlango kwa mbali na kingine cha kuita msaada. Kila kitu unachonunua leo kilikuwa tayari kichwani mwa mama huyo. Lakini alikuwa na mapungufu mawili. Kwanza, alikuwa ndani ya nyumba. Pili, aliitaka sauti ili aulize, "Nani?" Wewe majibu unayo tayari.

2. Nunua kwa kutazama boksi

Ingia kwa wauza vifaa Lubumbashi, shika boksi lenye picha ya kamera inayotoa vimawimbi. Vimawimbi ndiyo sauti, yatosha. Usiligeuze kusoma upande wa nyuma, maana huko ndiko wanakoandika ukweli: kamera nyingi zina sikio tu, kitundu kidogo cha maikrofoni, hazina mdomo. Zinasikia, hazisemi. Zenye vyote viwili zipo, na kwa kamera za intaneti kuna hata kanuni ya pamoja, ONVIF Profile T, inayoeleza namna ya kupitisha sauti pande zote mbili kati ya vifaa vya kampuni tofauti. Ila kumuuliza muuzaji habari hizo ni kuonekana mgeni wa mambo. Tikisa kichwa, lipa, toka.

Kama mfumo wako ni ule wa zamani, wa waya mnene unaoishia kwenye DVR, sanduku la kurekodia picha, mambo ni matamu zaidi. Nyuma ya sanduku hilo utakuta vitundu vya duara: kimoja cha sauti kuingia, kingine cha sauti kutoka. Chukua spika ya redio iliyokufa, chomeka moja kwa moja kwenye kitundu cha kutoka. Haitalia. Umeme wa sauti unaotoka pale ni mdogo mno, unataka amplifaya katikati au spika yenye amplifaya yake ndani. Maikrofoni ya upande wa kuingia nayo, mara nyingi, inataka umeme wake wa volti 12. Fundi mwenye kiherehere atakueleza yote haya na kukuandikia bei. Mwambie arudi kesho. Spika isiyolia ina faida yake: mteja anaiona ukutani, anadhani inamsikiliza.

3. Funga mahali pabaya

Hapa ndipo penye ufundi, kwa hiyo tutulie kidogo.

Maikrofoni iwekwe juu ya friza. Friza la duka lina mota inayoamka kila baada ya dakika chache na kuunguruma hadi vinywaji vipoe, na maikrofoni haina akili ya kuchagua. Itakuletea muungurumo huo Lubumbashi, safi kabisa, badala ya maneno ya wateja. Kama friza limejaa mizigo juu, mahali pa pili kwa ubora ni dirishani, upande wa barabara. Hapo utapata honi, injini za malori, muhubiri mwenye kipaza sauti, na muziki wa jirani anayeuza simu. Ukikaa kusikiliza saa nzima utajua nyimbo zote mpya za mjini, lakini hutajua kama unga umeuzwa kwa bei uliyopanga.

Spika nayo iwe ubavuni mwa maikrofoni, kama bwana na bibi harusi. Ukisema neno moja, litatoka kwenye spika, litaingia kwenye maikrofoni, litarudi kwako, na likikuta simu yako imefunguliwa sauti yote litaondoka tena kwenda dukani likiwa limenenepa. Baada ya mizunguko michache hakuna neno tena, kuna mlio wa kutoboa masikio. Mlio huo umepewa jina la Mdenmaki Søren Larsen, na hakuna kanisa Katanga ambalo halijakaribishwa nao Jumapili asubuhi. Namna ya kuuondoa inajulikana: tenganisha viwili hivyo kwa mita kadhaa, spika itazame wateja na maikrofoni ikae nyuma yake, punguza sauti, na wewe huku vaa spika za masikioni. Kazi ya nusu saa. Ndiyo maana hatutaifanya.

Kuhusu waya, upitishe sambamba na waya wa umeme kwa urefu wote wa dari. Utasikia umeme ukiimba siku unapokuwepo.

4. Nunua mega chache

Sauti yenyewe ni maskini wa Mungu, haili sana. Kwa ile kanuni ya simu za kawaida iitwayo G.711 inatumia kilobiti 64 kwa sekunde, yaani kama megabaiti 29 kwa saa kwa upande mmoja. Mlafi ni picha. Picha ya wastani ya megabiti 1 kwa sekunde inakula megabaiti 450 kwa saa. Ukiiacha wazi tangu saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, ni gigabaiti 4.5 kwa kamera moja, na wewe una nne. Kumbuka pia kwamba mega zinalipwa mara mbili: laini ya dukani inatuma, laini yako inapokea.

Bahili mwenye akili angezima picha, au angeishusha ubora, pale anapotaka kusema tu. Wewe fanya kinyume. Fungua kamera zote nne kwa ubora wa juu, kisha bonyeza kitufe cha kusema. Sauti itafika dukani vipandevipande: "We... sha... hiyo... nji..." Hii ina heshima yake. Binti wa kaunta hataelewa unachotaka, lakini ataelewa kuwa umekasirika, na hilo ndilo ulilolipia.

Siku mtandao unapozimika kabisa usijilaumu. Hapa kwetu umewahi kuzimwa nchi nzima kwa karibu siku 20, tangu Desemba 31, 2018, baada ya uchaguzi. Wenye maduka waliokuwepo madukani mwao hawakuona tofauti kwenye droo.

5. Umeme

Kituo cha Mwadingusha kwenye mto Lufira kinafua umeme tangu mwaka 1930, na kimekarabatiwa upya, mgodi wa shaba wa Kamoa-Kakula ukiwa mbele kwenye foleni ya kuunywa. Kwa duka lako foleni ni ndefu zaidi. Betri na inveta vingetosha kuitunza kamera, modemu na spika saa kadhaa, kwa kuwa vyote vitatu ni vidogo. Usinunue. Au nunua, kisha unganisha friza na televisheni kwenye betri hiyohiyo.

6. Neno la siri liwe 123456

Liache kama lilivyotoka kiwandani. Ukilibadilisha utalisahau, na ukilisahau utamwita fundi, na fundi atajua umesahau.

Oktoba 2016 kamera na DVR chungu nzima duniani, zilizoachwa na maneno ya siri ya kiwandani, zilitekwa na programu iitwayo Mirai na kutumwa kuishambulia kampuni ya Dyn, iliyokuwa ikielekeza watu kwenye tovuti. Twitter na Netflix zikawa hazifunguki kwa watu wengi Marekani. Fikiria fahari hiyo: duka la Kikula, Likasi, likishiriki mambo ya ulimwengu. Na ukishaongeza sauti, mgeni hatazami tu. Desemba 2019, huko Mississippi, mtu asiyejulikana aliingia kwenye kamera iliyokuwa chumbani mwa mtoto, akaanza kuzungumza naye. Kwako anaweza kutangaza bei mpya ya sukari, na binti akaitii, maana amezoea kutii ukuta.

7. Mfanyakazi asijue

Tangu Machi 2023 Kongo ina Kanuni ya Kidijitali, amri-sheria namba 23/010, yenye sehemu kuhusu data za watu binafsi. Sauti na sura ya mtu anayetambulika vimo humo. Njia ya wanyonge ni kumweleza binti siku ya kwanza: maikrofoni ipo pale, inasikia mpaka hapa, inatunza rekodi siku kadhaa, na mlangoni tumebandika karatasi inayowajulisha wateja. Sasa, ukishamweleza yote hayo, utamfumania lini?

Nyamaza, funga siku ya mapumziko yake. Siku ya kwanza fungua sikio lako usikilize anavyokusema. Atakusema. Kila mtu anamsema bosi wake, hata wewe ulipokuwa umeajiriwa ulimsema wako, na wake zake pia. Siku ya pili utamrudishia maneno yake neno kwa neno, kupitia spika, mbele ya wateja. Kuanzia siku ya tatu habari zote muhimu za duka zitazungumziwa nje, chini ya mwembe, na maikrofoni itabaki na friza lake.

8. Sasa sema

Hatua hii ndiyo tamu, na ndiyo iliyokugharimu.

Subiri duka lijae, jioni, watu wanapotoka kazini Shituru na Panda. Kwenye kioo cha simu unamwona mtoto wa shule ameshika pakiti ya biskuti, anatazama huku na huku. Mwizi! Bonyeza: "We! Rudisha hiyo!" Wataalamu wa Shirika la Kimataifa la Mawasiliano wanashauri sauti isichelewe zaidi ya milisekunde 150 kwenda upande mmoja, mazungumzo yawe ya kawaida. Ya kwako, kwa mega ulizonunua, inakwenda kwanza kwenye seva ya kampuni, huenda bara jingine, halafu ndipo irudi Likasi. Tuseme sekunde tatu. Katika sekunde hizo mtoto amelipa, amepokea chenji, ametoka. Mahali pake amesimama mama mtu mzima, nusu kilo ya sukari mkononi. Juu ya kichwa chake ukuta unanguruma:

"We! Rudisha hiyo!"

Mama anatazama juu. "Ni nani ule mwenye kusemea mu ukuta?"

"Ni papa, mwenye duka," binti anasema polepole.

"Iko wapi?"

"Lubumbashi, mama."

Mama anairudisha sukari kwenye kaunta, taratibu, kwa mikono miwili, kama ulivyoagiza. "Basi akuje kukula sukari yake."

Watu wote dukani wamecheka. Wewe hukusikia kicheko, na hapa kuna siri ndogo ya kitufe ambayo wengi hawaijui. Kwenye programu nyingi, ukikibonyeza kusema, sikio linafungwa. Ukikiachia, ndipo linafunguka. Kwa hiyo usikiachie. Shikilia kidole hapohapo, endelea kumweleza binti kuhusu kusimama wima, kuhusu simu yake, kuhusu heshima. Wakati huohuo yeye atakuwa anajibu: papa, yule mama alikuwa analipa; papa, unga umebaki mifuko miwili; papa, mwenye depo amepita anadai pesa yake. Maneno hayo yote yataingia kwenye maikrofoni, yatapita juu ya friza, yatafika mpaka mlangoni mwa simu yako yakute pamefungwa.

Usiku nao usisahau. Saa nane, kengele ya programu ikilia, unamwona mtu gizani karibu na mlango wa nyuma. Nguruma kwa nguvu zako zote. Atashtuka, ataanguka kutoka kitini, atakimbia bila viatu. Ni sentineli wako, mlinzi wa usiku. Mwizi atakuja saa tisa, sentineli akiwa bado nyumbani kwake anasimulia kuwa lile duka lina pepo.

9. Namna ya kushindwa kwa heshima

Utaibiwa, sasa ujue la kusema. Kwanza, hifadhi picha. Mwizi wa Likasi si mtu wa haya, na ukimfokea kwa spika anaweza kukupungia mkono kabla ya kubeba televisheni. Hiyo ni video nzuri ya kuwaonyesha rafiki zako baa, nawe ukiisimulia sema, "Nilimwambia aache." Hakuna atakayekukatalia.

Pili, jifunike na historia, maana mji huu umezoea kusemeshwa kutoka mbali. Septemba 1961, ukiitwa bado Jadotville, askari wa Ireland wapatao 155 wa Umoja wa Mataifa, chini ya kamanda Pat Quinlan, walizingirwa hapa na majeshi ya Katanga kwa siku tano. Redio walikuwa nayo. Makao makuu yao yalikuwa Elisabethville, ndiyo Lubumbashi hiyohiyo uliyokaa wewe, na walizungumza: wao wakiomba msaada, wenzao wakiwataka wavumilie. Kikosi cha kuwaokoa kiliishia kwenye daraja la Lufira. Risasi na maji vilipowaishia wakasalimu amri. Filamu yao ilitoka mwaka 2016. Ukiulizwa na mkeo pesa za mtaji zimekwenda wapi, anza na hadithi hiyo. Ni ndefu, atasinzia kabla hujafika dukani kwako.

Tatu, mlaumu fundi. Tuko wengi na tumezoea.

Jambo moja tu nakusihi usilifanye. Usije ukapanda basi siku moja alfajiri, ukashuka Likasi, ukaketi kwenye kigoda nyuma ya kaunta mpaka jioni. Pale sauti inakwenda na kurudi bila kuchelewa, bila mega, hata SNEL, shirika la umeme, ikikata, na hakuna kitufe cha kushikilia. Binti atakuambia yale ambayo amekuwa akikuambia wiki nzima: unga umebaki mifuko miwili, na mwenye depo anadai pesa yake.